"Histrionically" na Hukumu Isiyo na Ushahidi katika Uhakiki wa Tamthilia

Miongoni mwa maneno yaliyojipenyeza katika uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili bila kubisha hodi ni kielezi cha Kiingereza "histrionically". Aghalabu hakionekani kwa umbo lake halisi. Huja kimevaa kanzu ya Kiswahili: "kimaigizo", "kwa uigizaji uliopindukia", na pale mhakiki anapotaka ijulikane kwamba ameisoma nadharia, "kimelodrama". Mhusika analia, mhakiki anaandika kwamba amelia kimaigizo. Mhusika anaapa mbele ya wazee, mhakiki anaandika kwamba kiapo hicho ni cha kimaigizo. Hoja inaishia hapo, kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa. Mwanafunzi anayeisoma tahakiki hiyo anainakili katika tasnifu yake, na baada ya miaka michache yeye ndiye mwalimu. Makala haya yanashikilia kwamba kielezi hicho, kama kinavyotumiwa katika uhakiki wetu, ni hukumu isiyo na ushahidi. Kwamba kimebeba chuki ya kale ambayo Kiswahili hakina sababu ya kuirithi. Na kwamba lugha hii ina njia zake, tena zilizo bora, za kusema kile ambacho kielezi hicho kinadai kukisema.

Yafaa kwanza kuuliza neno lenyewe lina maana gani kwa wenyewe, kwa kuwa wengi wa wanaolitumia hawajapata kulichungua. Katika Kiingereza cha leo, kutenda jambo "histrionically" ni kulitenda kwa ishara kubwa kuliko hisia iliyopo, mbele ya watu, kwa kusudi la kutazamwa. Masharti yote matatu sharti yatimie. Linganisha na jamaa yake wa karibu, "dramatically". Mwingereza husema, bila kuona ajabu yoyote, kwamba bei ya kahawa imeanguka "dramatically", akimaanisha tu kwamba imeanguka ghafla na sana. Hawezi kusema kwamba bei imeanguka "histrionically", kwa sababu bei haina hadhira, haijui kwamba inatazamwa, wala haiwezi kutia chumvi anguko lake. Kielezi hiki kinahitaji mtu mwenye nia. Ndiyo maana katika riwaya za Kiingereza huandamana na vitenzi vya mwili na pumzi: kushusha pumzi, kukwikwika kwa kilio, kuzungusha macho, kushika kifua, kurusha mikono juu. Na ndiyo maana huwa rahisi kwa msimulizi wa riwaya. Msimulizi huyo ameingia ndani ya moyo wa mhusika, ameupima na kuona haumo uchungu wa kutosha. Kielezi ni cheti anachompa msomaji kwamba upimaji umefanywa.

Mhakiki wa tamthilia hana ruhusa hiyo. Jukwaani hakuna msimulizi aliyeupima moyo wa mtu. Pana mwili, sauti, maneno na wahusika wengine wanaotazama. Anayesema kwamba mhusika amelia kimaigizo anadai kujua kilichomo ndani ya mhusika na kisichomo, na hasemi amekijuaje. Tena anamshtaki mhusika wa maigizo kwa kosa la kuigiza, jambo linalofanana na kumlaumu samaki kwa kulowa.

Historia ya neno inaonyesha shina la mkanganyiko huu. Shina lake ni "histrio", yaani mwigizaji kwa Kilatini. Mwanahistoria Mrumi Livy anasimulia kwamba mwaka 364 K.K., tauni ilipoikumba Roma na miungu ikakataa kutulizwa, waliletwa wachezaji kutoka Etruria ili michezo yao iwe sehemu ya ibada ya kuiondoa ghadhabu hiyo. Walicheza kwa kufuata mlio wa filimbi, bila kuimba na bila kuigiza kisa chochote. Jina lao, kwa mujibu wa Livy, lilitokana na neno la Kietruria lenye maana ya mchezaji. Mhakiki wa Afrika Mashariki anapaswa kutua hapa kidogo. Hao waliolipa neno hili jina hawakuwa watu wa kujifanya. Walikuwa waganga wa aina yake, walioitwa wakati wa maradhi, na mwili wao ulikuwa dawa. Mtu aliyepata kuona ngoma ya pepo katika mwambao wetu atalielewa jambo hilo upesi kuliko profesa wa London.

Roma hiyo hiyo, hata hivyo, ilikuja kumdharau mwigizaji. Kisheria alihesabiwa miongoni mwa watu waliopungukiwa na heshima ya uraia. Cicero alikuwa rafiki wa mwigizaji Roscius na alimtetea mahakamani, lakini alipowafundisha wasemaji alisisitiza kwamba ishara za msemaji zisifanane na za jukwaani. Dharau hii haikutokana na kipimo chochote cha sanaa. Ilikuwa dharau ya tabaka: muungwana hatembei kama mtu anayelipwa ili atazamwe. Waingereza walipoliazima neno katika karne ya 16 na ya 17 waliazima na dharau yake, wakaiongezea ya kidini. Mwaka 1633 William Prynne alichapisha kitabu kinene chenye kurasa zaidi ya elfu moja, "Histriomastix", yaani mjeledi wa waigizaji, akidai kwamba tamthilia ni kazi ya Shetani. Ilionekana kwamba amemtusi Malkia Henrietta Maria, aliyependa michezo hiyo, na mwaka uliofuata akakatwa masikio. Mwaka 1642 Bunge la Uingereza lilifunga kumbi za maonyesho. Ni kweli kwamba katika magazeti ya karne ya 19 mtu aliweza kusifiwa kwa kipaji chake "histrionic" bila kejeli yoyote. Lakini kejeli ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1980 neno hilo likaingia katika orodha rasmi ya maradhi ya tabia ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani, mahali pa istilahi ya zamani iliyotokana na neno la Kigiriki la tumbo la uzazi. Maneno hayo mawili hayana udugu wa asili, lakini yanafanana kwa sauti, na masikio mengi huyachanganya. Tangu hapo kielezi hiki kina harufu ya hospitali, na mtu anayenuka harufu hiyo mara nyingi ni mwanamke.

Hayo ndiyo anayoyabeba mhakiki anapoandika "kimaigizo": dharau ya muungwana wa Kirumi, hasira ya mlokole wa London na faili la daktari. Je, Kiswahili kilikuwa na upungufu gani hata kiyahitaji haya?

Ukweli ni kwamba Kiswahili kinalifahamu vizuri sana jambo la mtu kujitia, ila kinalitazama kwa jicho jingine. Kiingereza hutundika hukumu pembeni mwa kitenzi, kwa kielezi. Kitendo kinabaki kilekile, kulia ni kulia, kisha kielezi kinakuja nyuma kama hakimu. Kiswahili huitia hukumu ndani ya kitenzi chenyewe. Aliyelia amelia. Aliyejiliza amejiliza, na hicho ni kitendo kingine kabisa: amejifanya chombo akakipiga kitoe sauti. Mtu hujitia wazimu, hujitia ugonjwa, hujitia hamnazo, hujishaua. Kiambishi "-ji-" kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja, na kwamba hapo katikati pana kazi inayofanyika. Anayetumia kitenzi kama hicho analazimika kukitetea. Ukisema fulani alijiliza, msikilizaji atakuuliza umejuaje, nawe utalazimika kutaja ulichokiona: hakuwa na machozi, alitazama pembeni kabla ya kuanza, alinyamaza wageni walipoondoka. Lakini ukisema fulani alilia kimaigizo, hakuna anayekuuliza chochote. Neno linasikika la kitaalamu na swali linafia kinywani.

Kisha kuna msamiati mwingine ambao wahakiki huutumia kana kwamba ni visawe vya kielezi hicho, nao sivyo. Mbwembwe ni madoido ya mtu anayeijua kazi yake. Mpiga ngoma hupiga kwa mbwembwe, mghani hughani kwa mbwembwe, na hadhira hufurahi kwa sababu hiyo hiyo. Mikogo ni ya mwendo na majivuno. Madaha yana ulaini na ulimbwende ndani yake. Makeke yana vishindo. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalosema kwamba hisia iliyopo ni ya uongo. Yanazungumzia ukubwa na mtindo wa tendo, basi. Uongo una maneno yake: kujiliza, unafiki, machozi ya mamba. Kwa hivyo, pale Kiingereza kinapofunga mashtaka mawili katika neno moja, kwamba tendo ni kubwa na kwamba tendo si la kweli, Kiswahili kinayatenganisha. Kutenganisha huko kuna maana. Jamii iliyoizaa lugha hii haikuamini kwamba kikubwa lazima kiwe cha uongo.

Wala si Waswahili peke yao. Miongoni mwa Wajaluo kuna desturi ya "tero buru", ambapo wanaume hukimbia na mikuki na ng'ombe kukifukuza kifo baada ya mzee kufariki. Hakuna adui anayeonekana, na kila mtu uwanjani anajua kwamba hakuna. Vita vinaigizwa waziwazi, kwa nguvu zote, mbele ya hadhira. Masharti ya ukubwa, ya watazamaji na ya kusudi la kutazamwa yametimia. Lakini nani mwenye akili timamu atakayesema kwamba watu hao hawaombolezi? Kuigiza ndiko kuomboleza kwenyewe.

Mfano mwingine uko katikati ya Nairobi. Mapema mwaka 1992 akina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao, waliofungwa kwa sababu za kisiasa, walikusanyika katika bustani ya Uhuru wakagoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi walipowashambulia, baadhi yao walivua nguo. Mtu aliyelelewa na kielezi cha Kiingereza ataona hapo tendo kubwa mno, lililofanywa ili litazamwe, na ataelekea kutilia shaka uchungu wake. Aliyelelewa katika jamii nyingi za Kenya anajua kwamba mama mzima anayejivua nguo mbele ya vijana amewalaani. Tendo hilo lilihitaji watazamaji kama vile sumu inavyohitaji mnywaji. Lilikuwa na ukubwa uleule uliohitajika, wala halikuzidi hata shibiri moja. Mhakiki asiyeweza kutofautisha kati ya tendo hilo na machozi ya mwanasiasa mazishini hatausaidia umma kwa lolote, hata awe na shahada ngapi.

Turudi jukwaani. Katika tamthilia ya "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana hadi majini, anakaa humo muda ambao hakuna binadamu angeustahimili, kisha anatoka na ujumbe wa Hongo. Onyesho hilo ni la mwili mtupu: kutambaa, kuvutwa, kuzama, kuibuka, kunena. Mhakiki akiliita la kimaigizo, amefanya kosa lililo kubwa kuliko la ladha. Amelijibu swali ambalo tamthilia nzima inaliuliza. Je, aliyenena ni Hongo au ni Kinjeketile? Je, maji yana nguvu au hayana? Kinjeketile mwenyewe anakuja kuingiwa na shaka kuhusu ujumbe alioutoa, na shaka hiyo inamla hadi mwisho. Hussein ameuweka uzito wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 juu ya swali hilo la ukweli na uigizaji, akawaachia wahusika walibishanie. Kielezi kinawanyamazisha wote. Kinakuja na jibu la mtu aliyeketi kitini na kalamu mkononi, asiyekuwa na vita vya kupigana.

Hali ni hiyo hiyo katika "Juliasi Kaizari", tafsiri ya Julius Nyerere. Antony anasimama juu ya maiti ya Kaizari, analia, anaonyesha joho lililotobolewa kwa visu, anautaja wasia kisha anauficha ili watu waudai. Analia kweli au anajiliza? Umati wa Roma hauulizi, na hapo ndipo maafa yake yalipo. Shakespeare hakuandika maelekezo ya jukwaani ya kumwambia mwigizaji alie vipi. Maelekezo yake kwa jumla ni machache na makavu. Mwigizaji mmoja atamcheza Antony kama mtu aliyevunjika moyo ambaye huzuni yake imemfunza ujanja, mwingine kama mjanja ambaye ujanja wake umemletea huzuni. Mhakiki anayetia kielezi hapo anauondoa uhai wa onyesho.

Kuna watakaosema kwamba makala haya yanatetea ovyo. Je, hatuoni jinsi waigizaji wetu wanavyopayuka? Je, mhakiki afunge kinywa mbele ya michezo ya runinga ambamo kila habari mbaya hupokewa kwa mikono kichwani? Pingamizi hilo lina haki yake, na hakuna haja ya kulikwepa. Kasoro zipo, tena tele. Lakini kwa kuwa zipo zinastahili kutajwa kwa majina yake. Chukua mashairi ya kukariri kwa pamoja katika tamasha za drama za shule. Watoto wakitaja moyo, mikono thelathini inagusa kifua. Wakitaja mbingu, vidole thelathini vinaelekea darini. Wakitaja njaa, matumbo yanashikwa. Wengi husema huko ni kupindukia. Siko. Kasoro yake ni kwamba ishara inarudia neno lililokwisha kusikika, haliongezi wala kulipinga. Punguza ukubwa wa ishara hizo kwa nusu na kasoro itabaki palepale. Mwalimu aliyeambiwa kwamba watoto wake wanafanya "kimaigizo mno" atawaambia washushe mikono kidogo, na mwaka ujao watarudi na ugonjwa uleule ukiwa na sauti ya chini.

Au chukua mhusika anayeangua kilio katika onyesho la kwanza kwa ajili ya mume ambaye hadhira haijamjua. Tatizo haliko katika kilio, liko katika msuko. Mtunzi amedai machozi kabla ya kutujengea cha kulilia. Hilo laweza kuonyeshwa kwa kutaja onyesho na ukurasa, na mtunzi aweza kulijibu au kulirekebisha. Hilo ndilo linaloitwa uhakiki.

Kuhusu "kimelodrama", neno ambalo siku hizi lina mashabiki zaidi, wanaolirusha kama jiwe wangefaidika kujua lilikotoka. Melodrama iliingia London kutoka Ufaransa. Mwaka 1802 Thomas Holcroft alionyesha katika ukumbi wa Covent Garden mchezo wa "A Tale of Mystery", alioutoa katika "Cœlina" ya Guilbert de Pixérécourt ya mwaka 1800. Wakati huo sheria ya Uingereza iliwapa wachache tu kibali cha kuonyesha tamthilia ya maneno matupu katika mji huo. Kumbi nyingine zililazimika kutumia muziki, dansi na ishara, na hali hiyo haikuondolewa hadi sheria mpya ya mwaka 1843. Mkono uliinuka juu kwa sababu ulimi ulikuwa umefungwa. Kwa hivyo ukubwa wa ishara katika melodrama, ambao mhakiki wetu anauona kuwa udhaifu wa akili, ulichangiwa kwa sehemu kubwa na serikali.

Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1977 kibali cha kuonyesha "Ngaahika Ndeenda" kule Kamirithu kiliondolewa, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 "Maitu Njugira", mchezo uliotegemea sana nyimbo, ngoma na uigizaji wa kimyakimya, ulinyimwa nafasi ya kuonyeshwa. Katika miongo hiyo watunzi na waigizaji walijifunza kusema kwa goti, kwa bega na kwa wimbo kile ambacho kikisemwa kwa kinywa kingeleta askari mlangoni. Wahakiki wanaoipima sanaa hiyo kwa kipimo cha sebuleni, ambapo muungwana huketi wima na kuzungumza kwa sauti ya chini, wanaisoma bila kuijua nchi.

Linabaki suala la mfasiri, ambaye kielezi chenyewe kimemkabili kwenye ukurasa na hawezi kukiruka. Mwanamke katika riwaya ya Kiingereza amekwikwika kwa kilio "histrionically". Mfasiri asikimbilie "kimaigizo". Na ajiulize kwanza: msimulizi ametuonyesha kwamba hisia haipo? Ikiwa ndivyo, mwanamke huyo alijiliza, na neno moja limetosha. Au hisia ipo, ila imetolewa kwa kishindo ili mtu fulani chumba cha pili aisikie? Basi alilia ili asikike, au alipaza kilio kimfikie aliyekusudiwa. Mfasiri ataje mlango, ataje jirani, kama mandhari yanaruhusu. Au msimulizi mwenyewe ni mtu mwenye kinyongo, na kielezi kinatueleza habari zake yeye kuliko za mwanamke? Hapo ndipo penye kazi. Pengine mfasiri atasema kwamba alilia, "eti kwa uchungu", na ile "eti" ndogo itabeba kinyongo chote cha msimulizi bila kumhukumu aliyelia.